Dereva Anaambiwa Aendeshe Gari, Bwana Shamba Haonyeshwi Hata Jani

Najua niliahidi kuendelea na somo la kitalu cha vitunguu, na miche haingoji. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki jana, naomba nilitoe kwanza.

Kuna kijana mmoja wa kata ya jirani, mimi namwita Mdogo Wangu. Ana stashahada ya kilimo kama niliyonayo mimi, analima nyanya eka moja na nusu kwa kumwagilia, na kila nafasi za maafisa kilimo wasaidizi zinapotangazwa anaomba. Jumatano usiku akanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Kuna mtu anasema yuko ndani kwenye ajira, anataka laki nane ili jina lipite. Nataka niuze pampu. Unanishauri nini?"

Hiyo pampu naijua, tulienda kuinunua pamoja. Ya petroli, inchi tatu. Nyanya zake ziko kwenye maua na vitunda vya kwanza, na jua la Oktoba mnalijua. Ukiondoa pampu pale, baada ya siku nne au tano huna shamba. Kwa hiyo alikuwa anataka kuuza zao zima ili anunue ahadi ya mtu asiyemjua hata sura.

Nikampigia hapohapo. Nikamwambia huyo ni tapeli, usiuze hata bomba la mgongoni. Kuomba kazi serikalini hakuna ada, na Sekretarieti ya Ajira yenyewe imekuwa ikitoa tahadhari mara kwa mara kuhusu watu wanaopiga simu na kudai hela. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sawa kaka, sheria ipo. Lakini wewe mwenyewe uliingiaje?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Nadhani ndilo swali ambalo wengi wenu mnalo mkiniona na pikipiki ya serikali, ila hamlisemi. Basi nilijibu. Mimi ni mtumishi, kuna mambo siruhusiwi kuyaongea hadharani na sitayaongea. Lakini sheria ya ajira ni ya kila raia, na nyinyi mnaolima kibiashara inawagusa mfukoni kuliko mnavyodhani.

Niliingia kwa usaili. Mara ya kwanza sikuitwa kabisa. Nilipakia hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, na tangazo lilikuwa limesema wazi kwamba hati hizo hazikubaliki. Kosa langu. Mara ya pili niliitwa, nikaanguka kwenye mchujo. Mara ya tatu nikapita mchujo, nikapita mahojiano, nikapangiwa mkoa ambao sikuwa na hata rafiki. Baba yangu ni fundi baiskeli. Hatuna mjomba wizarani. Kwa hiyo nikitetea ajira ya sifa na ushindani, natetea mlango nilioingilia mimi mwenyewe.

Mlango huo haukuwepo siku zote. Msingi wake ni Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya mwaka 1999, kisha Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 8 ya mwaka 2002. Lugha yake inaeleweka hata na mtu ambaye hajasoma sheria: kazi ya umma apewe mwenye sifa, baada ya kushindanishwa na wenzake. Katiba nayo, ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Shida ikawa nani anasimamia. Mwanzoni kila mwajiri alijiajiria: wizara kivyake, wakala kivyake, halmashauri na bodi yake ya ajira. Wazee niliowakuta kazini wanasimulia mambo ya enzi hizo, sitasema ya wapi, tangazo linabandikwa ubaoni siku ambayo jina limeshapatikana. Unasafiri na nauli ya kukopa, unakaa kwenye benchi, unaulizwa maswali mawili, unaambiwa tutakupigia. Kumbe aliyepigiwa alipigiwa wiki iliyopita.

Ndiyo maana mwaka 2007 sheria ikarekebishwa na kuunda Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kupitia kifungu cha 29. Inatangaza nafasi kwa niaba ya waajiri, inachuja, inafanya usaili, inawapangia vituo waliofaulu. Waliofaulu ila nafasi zikajaa wanawekwa kwenye kanzidata wakisubiri. Kada kama watendaji wa vijiji na madereva bado mtaona halmashauri zinazitangaza zenyewe kwa kibali, sawa, lakini wazo ni lilelile. Anayekuajiri na anayekupima wasiwe mtu mmoja aliyekaa kiti kimoja na simu ya mjomba wako mezani.

Haya mambo hayakuanza kwetu, wala si ugonjwa wa Waafrika kama wengine wanavyopenda kusema. Marekani huko nyuma kazi za serikali ziligawiwa kama pilau la harusi: chama kikishinda, wafuasi wake wanakaa kwenye viti. Mwaka 1881 mtu mmoja, Charles Guiteau, aliyeamini anadaiwa ubalozi mdogo wa Paris kwa sababu eti alisaidia kampeni, alimpiga risasi Rais James Garfield. Rais akafariki Septemba mwaka huohuo. Januari 1883 ikasainiwa sheria inayoitwa Pendleton, ya kuwapima waombaji kwa mitihani. Na hata hiyo ilianza na takribani sehemu moja tu ya kumi ya kazi za serikali kuu. Zilizobaki ziliendelea kugawiwa kama zamani, zikaja kuingizwa polepole.

Kwetu nako sheria peke yake haikutosha. Ilikuwepo tangu 2002, na bado Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki yenye majina ya watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Hebu fikirini hiyo namba. Watu karibu elfu kumi walikuwa wamekaa kwenye nafasi za wenye sifa huku kitabu cha sheria kikiwa rafu. Sitaki kuwacheka, wengine walikuwa wanafanya kazi vizuri tu, na kuna familia zililia. Lakini kwa kila mmoja wao kulikuwa na kijana mwenye cheti halali anauza vocha stendi.

Sasa nije kwenye mjadala wenyewe, maana upo na unazidi kupamba moto. Walimu walikuwa wamezoea kupangiwa vituo bila usaili. Mwanzoni mwa 2025 nao wakaitwa kwenye usaili mikoani, na kelele mlizisikia: mtu amesoma, amefanya mazoezi ya kufundisha, amefaulu, mtihani mwingine wa nini? Upande mwingine kuna wanaosema wanaojitolea wapewe ajira moja kwa moja. Na wako wanaosema kila wilaya iajiri watoto wake.

Hoja ya walimu naielewa, ila waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi ni lazima kuwe na chekeche fulani, na chekeche lisipokuwa usaili litakuwa simu. Hoja ya watoto wa wilaya siiafiki. Mimi ni mgeni hapa na nafanya kazi. Na Katiba haisemi raia wa wilaya.

Hii ya kujitolea ndiyo ngumu, na ndiyo inayotajwa sana na vijana wa kada yetu. Kwa juujuu inavutia. Mtu amekaa ofisi ya kata miaka miwili bila mshahara, anajua wakulima, anajua njia za mashambani, kwa nini aje kushindanishwa na aliyetoka chuo jana? Lakini jiulizeni, huyo wa kujitolea alipatikanaje? Alitangaziwa nani hiyo nafasi ya kujitolea? Mara nyingi aliingia kwa sababu anamfahamu mtu ofisini. Tena ni nani anaweza kufanya kazi miaka miwili bila senti? Mwenye nyumbani kwa kula. Mtoto wa fundi baiskeli hawezi, mimi nisingeweza. Nilikuwa nalima vibarua vya watu na kuuza mbegu kwenye duka la pembejeo. Tukiwapitisha wanaojitolea bila usaili tutakuwa tumerudisha undugunaizesheni kwa kupitia mlango wa uani. Uzoefu wao uhesabiwe alama, tena alama za kutosha. Lakini waje tupimwe wote.

Hapo mnaweza kudhani nimekuja kuisifia serikali. Subirini.

Wiki yangu ya pili kazini, mama mmoja mwenye nyanya robo tatu ya eka aliniita. Mimea yake ilikuwa inanyauka ikiwa bado kijani kibichi. Mchana inalala, jioni inajiinua kidogo, kesho yake haiinuki tena. Nikaangalia majani nikitafuta madoa, sikuona. Nikaamua ni ukungu wa kwenye mizizi. Nikamwandikia kiuakuvu cha kumwagia shinani, akaenda kukinunua kwa hela ya kukopa kwenye kikoba. Na kwa ujasiri wangu wote wa ajira mpya nikamwambia aongeze maji, maana mimea inaonekana ina kiu.

Ulikuwa mnyauko bakteria. Kiuakuvu hakiuwezi hata ukikinywesha shamba. Mbaya zaidi, mama alikuwa anamwagilia kwa mifereji kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo yale maji niliyomwambia aongeze yalibeba vimelea kutoka mimea michache ya juu na kuvigawa shamba zima. Baada ya wiki tatu sehemu yote ya chini ilikuwa imelala.

Kuna kipimo cha ugonjwa ule ambacho ni cha bure kabisa. Unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unasubiri dakika chache. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, ni bakteria. Hapo unang'oa mimea iliyougua na kuichoma, unazuia maji yasipite pale kwenda kwenye mizima, na msimu unaofuata hapo hupandi nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala hoho, unapanda mahindi. Hicho kipimo nilifundishwa chuoni. Nilikijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikuwahi kukifanya kwa mkono wangu.

Yule mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umesoma, ila hujalima." Nilimwomba radhi. Bado ni mkulima wangu, na huwa napita kwake kwanza kuliko kwa wengine wote, labda kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye usaili. Sheria ilinitendea haki. Hakuna aliyeniomba hela, hakuna aliyeniuliza kabila, nilishinda kihalali. Lakini walinipima nini? Kwenye mchujo nilikuta maswali ya kuchagua: maadili ya utumishi, maana ya ugani, virefu vya vifupisho. Kwenye mahojiano niliambiwa nitaje majukumu ya afisa ugani, nikayataja kwa mpangilio mzuri kabisa, nilikuwa nimeyakariri kwenye basi. Sikuonyeshwa jani. Sikushikishwa bomba. Hakuna aliyenipa mche ulionyauka na glasi ya maji. Kama wangefanya hivyo ningeanguka siku ile, na mama yule angepata afisa mwingine, aliyewahi kukata shina.

Na si kwamba utaratibu wa vitendo haupo. Upo! Dereva akiomba kazi serikalini anaambiwa aingie kwenye gari aendeshe. Rafiki yangu dereva alirudishwa nyuma na gari kati ya vigingi mpaka jasho likamtoka. Katibu muhtasi anapigishwa taipu huku saa inahesabu. Yaani tumekubali kwamba cheti cha udereva hakitoshi, tunataka kuona gari likitembea. Bwana shamba anayekwenda kumshauri mtu aliyeweka milioni tatu kwenye eka moja ya hoho, huyo tunaamini karatasi.

Ninachoomba si kikubwa. Baada ya mchujo wa kuandika, wale wachache wanaobaki wapelekwe kwenye vyuo vyetu vya kilimo. Ilonga, Uyole, Ukiriguru, Mlingano, Tumbi, vyote vina mashamba. Kuwe na meza na vielelezo vilevile kwa kila msailiwa: nyanya yenye kitako cheusi, jani lenye kantangaze, hindi lenye kiwavijeshi vamizi, mche wa mnyauko. Aseme ni nini, na aseme hatua ya kwanza ni ipi. Kitako cheusi peke yake kingewachuja wengi, maana kila siku naona watu wanaandikiwa viuakuvu kwa kitu ambacho ni upungufu wa kalisi na umwagiliaji wa kurukaruka. Kisha apewe hesabu za shambani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo ngapi za naitrojeni? Ni 23, kwa sababu urea ina asilimia 46. Dawa imeandikwa mililita 20 kwa lita 20 za maji, bomba la mkulima ni la lita 15, unapima ngapi? Kumi na tano. Hesabu za darasa la tano hizo, lakini jamani, kaeni kwenye duka la pembejeo siku moja muone zinavyopotea.

Na kwenye jopo akae mkulima mmoja. Wa kweli, anayeuza mazao, si mkulima wa kwenye barua. Amsikilize msailiwa akieleza ugonjwa kwa Kiswahili cha kawaida bila kujificha kwenye majina ya Kilatini. Kama mkulima hakuelewa, alama zipungue.

Nimejaribu wazo hili kwa wenzangu kazini. Mmoja alisema ni ghali. Kweli ni ghali kidogo, lakini usaili wa walimu ulipelekwa mikoani na ukafanyika, na msimu mmoja wa ushauri mbovu kwenye kata moja unagharimu zaidi. Tofauti ni kwamba hiyo gharama anailipa mkulima, haionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote. Mwingine alinipa pingamizi lenye uzito zaidi. Alisema mtihani wa karatasi ni mkavu, lakini karatasi haijui sura ya mtu. Ukileta vitendo na mahojiano unaleta macho ya binadamu, na macho ya binadamu yanasoma vimemo.

Hilo lilinisumbua siku kadhaa, sikatai. Jibu nililonalo ni la kishamba: msailiwa aingie na namba, si jina. Vielelezo viwe vilevile kwa wote na majibu sahihi yaandikwe kabla ya usaili kuanza, ili msahihishaji asiwe na nafasi ya kuongeza huruma. Wasahihishaji wawili, kila mmoja na karatasi yake, na zikipishana sana aitwe wa tatu. Alama zibandikwe jioni ileile, namba na alama, kila mtu aone. Kimemo kinapenda siku tatu za ukimya kati ya usaili na matokeo. Ukiziondoa hizo siku, hakina pa kukaa. Kwa mahojiano ya mdomo nakiri sina dawa kamili, ndiyo maana nayapunguzia uzito.

Kuna jambo la pili ambalo linasahaulika. Sifa si za siku ya kuingia tu. Huku ndani nako tunapimwa, zamani kwa OPRAS, sasa kwa PEPMIS, mfumo wa kwenye mtandao ambapo najaza kazi nilizopanga na nilizofanya, na kiongozi wangu anazipitia. Ni bora kuliko kupandishwa kwa kupendwa, sina ubishi. Ila naweza kujaza kwamba nimetembelea wakulima arobaini na nisiwe nimemsaidia hata mmoja. Hakuna sehemu ambayo wewe mwenye shamba unaulizwa: huyu alikuja? Alichosema kilifanya kazi? Simu unayo, na serikali ina namba yako kwenye daftari la wakulima la mbolea ya ruzuku. Ujumbe mmoja mfupi baada ya msimu ungetosha. Najua nikilisema hili kuna wenzangu watanuna, na mimi mwenyewe ule mwaka wa kwanza ningepata sifuri kutoka kwa yule mama.

Sasa niwageukie nyinyi, maana mmeshaanza kufurahi.

Mnadai serikali iajiri kwa sifa. Vizuri. Msimamizi wa shamba lako ulimpataje? Nimezunguka mashamba ya vijana wengi humu, na nusu ya wasimamizi ninaowakuta ni mtoto wa shangazi, shemeji, au rafiki wa utotoni aliyekosa kazi mjini. Kijana mmoja wa hoho amepoteza mavuno mawili kwa sababu binamu yake anachanganya dawa kwa kukadiria na kifuniko. Nikamwambia mpe kazi nyingine, mfundishe, au mwachie. Akasema, "Afisa, nitamwambia nini mama?" Nikamwelewa. Na hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini sheria ya utumishi ilihitaji chombo cha katikati. Binadamu wa kawaida, hata mwema, akikaa mwenyewe mbele ya ndugu yake hawezi kusema hapana. Anahitaji utaratibu wa kusingizia.

Basi jitengenezee utaratibu wa kusingizia. Ukitaka msimamizi, watangazie hata watu watano. Siku ya kuja, usiulize cheti kwanza. Mpe bomba, maji, chupa ya dawa isiyo na kitu ndani yenye maelezo yake, mwambie akuonyeshe anavyopima na anavyovaa kinga. Mtembeze mistari miwili ya shamba, kisha muulize ameona nini. Mpe daftari aandike gharama za siku moja. Binamu naye aje, afanye kama wenzake. Akishinda mpe kazi bila aibu, na akishindwa mama ataambiwa na bomba.

Mdogo Wangu hakuuza pampu. Yule wa laki nane alimpigia tena Ijumaa, akashusha hadi laki tano, halafu laki tatu, halafu namba ikawa haipatikani. Usaili wake wa mchujo ni wiki ijayo. Tumekubaliana maadili ya utumishi na virefu vya vifupisho atavisoma mwenyewe usiku. Jumamosi asubuhi naenda shambani kwake na glasi mbili na kisu, kuna mimea mitatu upande wa juu wa mfereji haipendezi, na nimemwambia asifungulie maji upande ule mpaka nifike.

Vitunguu wiki ijayo.